Tovuti imekupa nafasi nne, wewe una picha ishirini

Fundi samani mmoja wa Keko, Dar es Salaam, alinipigia simu Jumamosi asubuhi. Alikuwa amemaliza seti nzima ya chumba: kitanda cha tano kwa sita, kabati la milango mitatu, na dresingi tebo yenye stuli yake, vyote mninga mtupu. "Mdogo wangu, njoo upige picha. Nataka viingie mtandaoni leo leo." Nikaenda, nikapiga picha ishirini na mbili. Usiku nikafungua ukurasa wa matangazo aliouchagua mwenyewe kwa kuwa ni wa bure, nikakuta pale pa kuongezea picha pameandikwa: mwisho picha nne.

Nne! Kabati peke yake lilikuwa na saba.

Nikafanya kile ambacho wengi hukifanya wakibanwa. Nikatafuta programu ya kolaji, yaani ya kupanga picha kadhaa ndani ya faili moja, nikabana tisa kwenye faili la kwanza, tisa kwenye la pili, nne kwenye la tatu, nikarusha tangazo, nikalala nikijiona mjanja. Asubuhi mteja wa kwanza alikuwa ameshaandika: "Habari kaka, samahani, hicho cha chini kushoto ni kitanda au benchi?" Wa pili hakuuliza kwa maneno. Alinirudishia picha yangu mwenyewe, kaizungushia duara jekundu na alama ya kuuliza.

Tangu siku ile nimetengeneza kolaji za samani, za viatu vya mtumba, za vyumba vya kupangisha, hata za vitambulisho. Njia ninayoifuata sasa ni hii.

Hatua ya kwanza: jua umebanwa na nini

Vikomo vya kupakia picha viko vya aina tatu, na kolaji ni dawa ya aina moja tu.

Kuna kikomo cha idadi. X, iliyokuwa ikiitwa Twitter, inapokea picha 4 kwa chapisho moja. Marketplace ya Facebook inapokea 10 kwa bidhaa ya kawaida, na katalogi ya WhatsApp Business nayo 10 kwa kila bidhaa. Instagram ilianza kuruhusu picha 10 kwa pamoja mwaka 2017, ikafikisha 20 mwaka 2024. Bahili kuliko wote ni kurasa za matangazo ya bure na fomu za maombi: tatu, nne, pengine moja. Hapo ndipo kolaji inapokuokoa.

Kuna kikomo cha uzito. Fomu inataka faili lisizidi MB 2, nawe picha moja ya simu yako ina MB 4. Hapo unachohitaji ni kupunguza ukubwa wa picha, si kuunganisha. Ila usiogope kwamba picha nne za MB 4 zitazaa kolaji ya MB 16. Programu huipunguza kila picha iingie kwenye kisanduku chake, na kinachotoka mara nyingi ni MB 1 au 2.

Na kuna kikomo cha umbo, ambacho watu hawakioni mpaka kiwaumize. Kwenye orodha ya matangazo, picha ya kwanza huonyeshwa ikiwa ndogo, na mara nyingi imekatwa ikawa mraba. Ukipeleka picha ndefu ya wima, juu na chini vinaliwa. Kwenye picha ya kawaida kinacholiwa ni dari na sakafu. Kwenye kolaji kinacholiwa ni bidhaa nzima.

Kabla hujaendelea soma pia masharti ya picha ya mahali unapouzia. Ndugu zetu wa Ulaya na Marekani wanaouza eBay wanajua: kule hawataki fremu wala maandishi yaliyoongezwa juu ya picha. Amazon nayo, kwa picha kuu, inataka bidhaa peke yake juu ya weupe mtupu. Huko usijisumbue na kolaji kwenye picha ya mbele.

Hatua ya pili: piga hesabu ya pikseli

Pikseli ni vidoa vidogo mno vinavyoiunda picha. Hatua ya kuvihesabu wengi huiruka, na ndiyo iliyoniponza.

Simu nyingi za sasa hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Ni utajiri. Lakini utajiri huo haufiki kwa mteja. Kwa kawaida Instagram huishusha picha hadi upana wa 1080. WhatsApp, ukituma kwa ubora wa kawaida, hupunguza upande mrefu hadi takribani 1600. Kwa hiyo usihesabu pikseli ulizonazo mkononi; hesabu zitakazobaki upande wa pili.

Tuchukue kolaji ya mraba inayoishia kwenye upana wa 1080. Ukipanga mbili kwa mbili, kila picha inabaki na 540. Tatu kwa tatu, kila moja 360. Nne kwa nne, 270. Sasa itazame kwa macho ya mteja: kioo cha simu ya inchi 6.5 kina upana wa karibu sentimita 7. Picha tisa ndani ya hapo, kila moja ina upana wa sentimita mbili na kitu, sawa na stempu ya posta. Mimi ndani ya stempu nilikuwa nimeweka kabati lenye nakshi ya kuchonga kwa mkono. Yule mteja alikuwa na haki ya kuuliza kama ni benchi.

Utaniambia: si atakuza kwa vidole? Atakuza. Lakini kukuza hakuzalishi pikseli. Kinachokua ni ukungu.

Mimi nimejiwekea mipaka. Kitu kinachouzwa kwa uzuri wa kazi yake, kama nakshi, mshono au maungio ya mbao, nne ndizo mwisho, na mbili ni bora zaidi. Kitu kinachotambulika kwa umbo lake, kama kiatu, mkoba au sufuria, sita zinatosha. Tisa naziachia rangi tu: vitenge, mashuka, nyuzi, vitu ambavyo mteja anachagua mchanganyiko wa rangi na hana haja ya kuona kitambaa kilivyofumwa. Zaidi ya tisa sijawahi kuona mtu akifaidika.

Hatua ya tatu: kila kolaji ijibu swali moja

Nilipojaza zile tisa za mwanzo nilizipanga zilivyokuja kwenye simu: kitanda, kabati, droo, kitanda tena, kioo, mguu wa stuli. Jicho la mteja likawa kama mtu aliyeingia sokoni na kila muuzaji anamwita.

Sasa, kabla sijagusa programu yoyote, nachukua kipande cha karatasi na kuandika maswali ambayo mteja angeuliza kama angekuwa amesimama mbele ya bidhaa. Kwa seti ya chumba maswali huwa karibu yale yale. Vyote vikikaa pamoja vinaonekanaje? Kitanda ni imara? Kabati lina nafasi gani ndani? Vipimo vyake, na je, kuna kasoro?

Maswali manne, nafasi nne. Tangazo la yule fundi nililipanga upya hivi:

Nafasi ya kwanza haikuwa kolaji. Ilikuwa picha moja, vitu vyote vitatu vimepangwa kama viko chumbani. Naisisitiza hii kwa sababu ndipo watu wengi wanapojikata miguu: picha ya kwanza ndiyo inayoonekana kwenye orodha, ndogo kama ukucha, katikati ya matangazo mengine hamsini. Kolaji iliyopunguzwa hivyo inageuka madoadoa. Nafasi ya kwanza wape picha moja, safi, hata kama roho inakuuma kuipoteza.

Nafasi ya pili, kitanda: kizima kwa mbele, ubavu, nakshi ya kichwani, na chaga zikiwa wazi bila godoro. Picha ya chaga haina uzuri wowote, ila ndiyo iliyouza kitanda. Mnunuzi wa Dar es Salaam ameshaumizwa na vitanda vizuri vya kutazama ambavyo chini ni vibanzi vya paini.

Nafasi ya tatu, kabati: limefungwa, limefunguliwa, droo imevutwa nje, na bawaba kwa karibu. Nafasi ya nne, picha mbili tu kubwa: futikamba imelazwa kwenye kitanda namba zikisomeka, na kovu dogo nyuma ya dresingi tebo ambapo msasa ulizidi. Fundi hakuipenda hii ya kovu. "Sasa unaniuzia au unaniharibia?" Nikamwambia mteja atakayelikuta kovu nyumbani kwake atarudisha mzigo, na nauli ya Kirikuu, kile kigari cha mizigo, kwenda na kurudi tutalipa sisi. Akanyamaza.

Picha ishirini na mbili zikawa kumi na moja. Nusu nzima niliitupa, na hakuna aliyeuliza iko wapi.

Hatua ya nne: piga picha ukijua zitakaa pamoja

Kama bado hujapiga, una bahati, maana mengi yanarekebishika hapa kuliko kwenye programu.

Amua mapema: zote wima au zote mlalo. Ukichanganya, programu itazikata ili zilingane, na haijui kwamba sehemu anayoitafuta mteja ni ile ya juu iliyokatwa. Acha nafasi pande zote za kitu, kama upana wa kiganja, kwa sababu visanduku vingi vya kolaji ni mraba na lazima kingo zitapungua.

Mwanga uwe mmoja. Mninga chini ya taa ya njano unageuka kama chungwa. Ukiupanga kando ya picha ya mchana, mteja ataapa ni mbao mbili tofauti. Mimi huomba vitu visogezwe karibu na mlango, nikapiga kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kabla jua halijawa kali likachora vivuli vyeusi. Futa lenzi kwa shati. Najua unajua, lakini ifute.

Halafu kioo. Dresingi tebo ina kioo, na kioo hakina siri. Kwenye picha ya kwanza ya dresingi tebo ile nilionekana mimi mzima, na bukta, na nyuma yangu vijana wawili wa karakana wanakula mihogo. Kwenye picha kubwa ningeona mapema. Ndani ya kolaji ya tisa sikuona, akaona mteja. Simama ubavuni mwa kioo, usisimame mbele yake, kisha kagua kila picha kabla ya kuiunganisha: namba za gari za jirani, sura za watoto, karatasi zenye namba za simu ukutani.

Hatua ya tano: unganisha

Usikimbilie kupakua programu mpya. Angalia kwanza ulichonacho.

Kwenye Google Photos, chagua picha mbili hadi sita, gusa alama ya kuongeza, kisha chagua palipoandikwa Collage. Simu za Samsung zina kitu hicho hicho ndani ya sehemu yao ya picha. Kwenye iPhone, programu ya Shortcuts inayokuja na simu ina kazi ya kuunganisha picha ubavu kwa ubavu, juu kwa chini, au kwa gridi ya visanduku. Kwa kolaji ya haraka ya picha nne, hizi zinatosha na sina la kuongeza.

Ukitaka kutawala ukubwa na mpangilio, Canva ya bure ni nzuri. Anza na ukubwa wako mwenyewe, mimi hutumia pikseli 2000 kwa 2000, tafuta gridi ya visanduku vinne, kisha kokota kila picha kwenye kisanduku chake. Gusa picha mara mbili uisogeze ndani ya kisanduku mpaka sehemu muhimu ikae katikati. Hiyo hatua ya kusogeza usiiache. Programu huchukua katikati ya picha, na si kila mara katikati ndipo penye maana.

Kwenye kompyuta, watu wa ofisini wanayo PowerPoint na hawajui kwamba inatengeneza kolaji vizuri tu. Weka picha kwenye slaidi, zipange, kisha hifadhi slaidi hiyo kama picha ya JPEG. Ila kuna mtego: slaidi ya kawaida ikihifadhiwa hivyo hutoka na pikseli 1280 kwa 720 peke yake, ambazo ni chache. Suluhisho ni kubadilisha ukubwa wa slaidi kabla ya kuanza. Ukiweka sentimita 50 kwa 50, picha itatoka na karibu pikseli 1890 kila upande.

Na kwa anayeelewana na kompyuta kwa kuandika amri, ImageMagick ni ya bure na haichoki, hata kama una bidhaa mia:

magick montage a.jpg b.jpg c.jpg d.jpg -tile 2x2 -geometry 900x900+8+8 kolaji.jpg

Hapo umesema: picha nne, mbili kwa mbili, kila moja isizidi pikseli 900, na mwanya wa pikseli 8 kuizunguka.

Mwanya huo ni wa lazima popote unapotengenezea. Bila mstari mweupe katikati, mguu wa kitanda unaingia ndani ya kabati na jicho linashindwa kutenganisha. Pikseli 10 hadi 20 kwenye kolaji ya 2000 zinatosha. Mapambo ya mioyo, maua na kingo za mawimbi waachie watu wa kadi za harusi. Kila ua unaloweka linakula pikseli za bidhaa.

Mambo mawili ya kuepuka. La kwanza ni kupanga picha kwenye kioo kisha kupiga skrinishoti. Skrinishoti haiwezi kuzidi pikseli za kioo chako, na simu nyingi za bei nafuu zina upana wa 720 tu. Umetoka na 4000, umebaki na 720, na bado hujapakia popote. La pili ni programu za kolaji za bure zinazoomba ruhusa ya kuona majina na namba zako za simu. Kuunganisha picha nne hakuhitaji namba ya mama yako.

Hatua ya sita: weka alama, na uziweke kwa akili

Rafiki yangu anauza viatu vya mtumba Karume. Alitengeneza kolaji ya pea sita, nzuri kabisa, akaituma kwenye kundi lake. Dada mmoja wa Mbagala akajibu, "Naomba ile nyeupe." Nyeupe zilikuwa tatu. Rafiki yangu akamtuma bodaboda na ile aliyodhani. Haikuwa yenyewe. Bodaboda akalipwa kwenda, akalipwa kurudi, akalipwa kwenda tena, na faida ya kiatu ikaishia kwenye petroli.

Siku iliyofuata akaanza kuandika 1, 2, 3 juu ya picha. Dada mwingine akaagiza, "Nataka 4." Akamfungia ya nne. Kumbe dada alikuwa anasoma vibaya namba ya saizi iliyoandikwa kwenye soli, 40. Ndipo tukahamia kwenye herufi. Bidhaa yenye saizi ndani yake, kama kiatu, suruali au godoro, ipe A, B, C. Isiyo na saizi, namba hazina shida.

Herufi zisianze upya kwenye kila kolaji. Kama ya kwanza inaishia D, ya pili ianze na E, maana mteja akikuandikia "B" hutajua ni B ya wapi. Weka alama juu kushoto, nyeusi ndani ya duara jeupe, ili isomeke juu ya kiatu cheusi na cheupe vilevile. Usiiweke chini kulia: kwenye mazungumzo ya WhatsApp ndipo saa ya ujumbe inapokaa, inaifunika.

Bei usiiandike juu ya picha. Wiki ijayo utashusha, na picha yenye bei ya zamani itakuwa imeshasambaa kwenye makundi ambayo wewe humo. Bei ikae kwenye maelezo, ambako unaweza kuibadilisha: A 25,000, B 30,000, C imeuzwa.

Hatua ya saba: hifadhi na ujaribu

Hifadhi kwa JPEG. PNG inafaa michoro na maandishi. Kwa picha za kamera inakuwa nzito bila faida ya kuonekana. Programu ikikuuliza ubora, 80 hadi 85 kwa mia inatosha. Jenga kolaji kutoka kwenye picha za asili zilizo kwenye simu iliyopiga, usijenge kwa nakala uliyorudishiwa na fundi kupitia WhatsApp, kwa sababu JPEG hupoteza kidogo kila inapobanwa upya. Picha iliyopita kwenye makundi matatu ni kama chai iliyochemshwa kwa majani yale yale mara tatu.

Kisha jitumie mwenyewe. WhatsApp ina nafasi ya kujiandikia ujumbe; tuma humo, funga, fungua tena, uione kama mteja atakavyoiona baada ya kubanwa. Kama una simu ndogo ya zamani ndani ya nyumba, itumie hiyo.

Jaribio langu la mwisho ni la jirani. Nampa simu Mama Asha wa dukani, simwambii chochote, namuuliza: "Hapa nauza vitu vingapi?" Akijibu idadi sahihi, napakia. Akisema "hebu subiri," akaanza kuisogeza simu karibu na macho, narudi kwenye hatua ya tatu.

Kitambulisho: nafasi moja, pande mbili

Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko samani, kwa hiyo nilieleze peke yake. Fomu inataka kitambulisho, imeweka nafasi ya faili moja, na kadi ina mbele na nyuma. Mtu anapakia mbele peke yake, baada ya siku tatu anarudishiwa maombi.

Panga juu kwa chini, si ubavu kwa ubavu. Kadi nyingi za kitambulisho na za benki duniani zina kipimo kimoja, milimita 85.6 kwa takribani 54. Ukiziweka ubavu kwa ubavu, kila kadi inabaki na nusu ya upana na maandishi yanasinyaa. Ukiziweka juu kwa chini, kila moja inachukua upana wote. Piga kadi ikiwa juu ya meza ya rangi nyeusi au ya kijani iliyoiva ili kingo zionekane, pembe zote nne zibaki ndani ya picha, na zima flashi, vinginevyo ule mng'ao utakaa juu ya namba yako, na hapo ndipo unapopenda kukaa. Hapa hakuna alama, hakuna herufi, hakuna kichujio cha kung'arisha sura.

Kama unayempelekea si ofisi bali ni dalali au mtu binafsi, weka maandishi mepesi yanayopita juu ya picha: "kwa ajili ya kupanga nyumba tu," na tarehe. Ukimaliza, ifute kolaji hiyo kwenye simu na kwenye pipa la taka la simu pia.

Na kama fomu inaruhusu PDF, achana na kolaji kabisa. Weka kurasa mbili kwenye PDF moja, kazi imekwisha.

Hatua ya mwisho: pakia, na utunze za asili

Panga mafaili kwa namba kabla ya kupakia, 01, 02, 03, kwa sababu baadhi ya kurasa hufuata jina la faili na si jinsi ulivyogusa. Hakikisha ya kwanza ni ile picha moja safi. Kwenye maelezo taja kila kolaji ina nini: "Picha ya 3: kabati, nje na ndani." Anayetumia bando dogo atajua aifungue ipi.

Picha za asili usizifute. Zihifadhi kwenye folda yenye jina la bidhaa mpaka iuzwe, maana mnunuzi wa kweli ndiye anayeomba zaidi: "Kaka, naomba ile bawaba kwa karibu." Hapo mtumie ya asili, ama kwa ubora wa HD ambao WhatsApp iliuleta mwaka 2023, ama kama hati, ambayo haibanwi hata kidogo. Seti ya yule fundi iliuzwa kwa njia hiyo: aliyeinunua aliomba picha moja tu ya ziada, ya chaga, akaikuza mpaka akahesabu misumari, kisha akauliza Keko ni kituo kipi cha daladala.